Mwanafunzi wa Mashine Yake

Kelele alinawa uso kwa sabuni aliyoitengeneza mwenyewe, sabuni ya kijani isiyotoa povu, akaapa tena kwamba siku akipata kazi ya kweli atayamwaga madumu yote mtaroni. Madumu hayo yalijaa chumba kizima, kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda. Yalitokana na kozi ya kwanza aliyopewa na Mpango wa Ajira Upya baada ya kupunguzwa kazini: ujasiriamali, maana yake sabuni ya maji. Tatizo ni kwamba nusu ya mtaa ilikuwa imepunguzwa kazini kama yeye, na wote walipitishwa kwenye kozi ile ile. Kila nyumba ilikuwa na sabuni ya kuuza na hakuna nyumba iliyokuwa na mnunuzi. Majirani walianza kupeana zawadi, halafu zawadi zikaanza kurudishwa.

Kozi ya pili ilikuwa kompyuta. Kompyuta yenyewe hawakuiona. Waliletewa kibodi moja iliyozungushwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga anayeonyeshwa wageni, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote. Kozi ya tatu ilikuwa namna ya kujitambulisha mbele ya mwajiri. Kelele alijitambulisha vizuri sana mbele ya wenzake, nao wakajitambulisha kwake, kisha wote wakarudi makwao wakiwa wanafahamiana sana na hawana kazi.

“Leo si ndiyo wanagawa nafasi viwandani?” mke wake aliuliza huku akimimina chai isiyo na sukari. Sukari ilikuwa imepanda bei tena, nao wakaamua kuisusa.

“Ndiyo leo.”

“Basi uwe mpole. Usimfokee yule afisa.”

“Mimi sifoki!” Kelele alisema, na mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia.

Hilo ndilo lililompa jina. Alikuwa ameendesha mashine ya misumari tangu ujana wake, na sehemu kubwa ya masikio yake ilikuwa imebaki huko huko kiwandani. Hata mtu aliyekaa naye meza moja, Kelele alimsemesha kama yuko ng'ambo ya barabara.

Mke wake hakucheka. “Nisikilize, mume wangu. Nimechoka kuwa mke wa mwanafunzi. Waume wa wenzangu ama wana kazi ama hawana, inaeleweka. Mimi nikiulizwa nasema yuko masomoni. Na mvi zote hizo!”

“Haya ya leo ndiyo ya mwisho. Mafunzo kwa vitendo. Ukifaulu unapewa mkataba. Ukifeli wanalifuta jina lako, na huwezi kurudi tena kwenye Mpango.”

“Basi faulu,” alisema mke wake, akamsogezea kikombe.

Ofisi ya Mpango ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lenye lifti. Lifti hiyo ilitumika kuwafundishia watu ufundi wa lifti, kwa hiyo haikuwahi kufanya kazi. Kelele alipanda ngazi akihema, akasimama kwenye foleni, akasogea, akasimama tena, mpaka akafika mbele ya afisa. Alikuwa dada mmoja mpole mwenye umri wa kuwa binti yake, macho yamemvimba kwa kutazama kompyuta.

“Shikamoo, mzee. Una bahati wewe. Umepata kiwanda cha misumari.”

Kelele alidhani hakusikia vizuri, jambo la kawaida kwake. “Kiwanda cha nini?”

“Misumari. Utajifunza kuendesha mashine ya misumari.”

“Dada, mimi nimetoka huko!”

“Umetoka huko leo?”

“Nimefanya kazi huko! Ndiko walikonipunguza! Hiyo mashine naijua kuliko ninavyomjua mke wangu!”

“Usinifokee, mzee.”

“Sifoki, ndivyo ninavyoongea.”

Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Afisa aligeuza macho kwenye kompyuta. “Hapa panaonyesha huna ujuzi.”

“Nani kasema?”

“Uko kwenye Mpango. Mpango ni wa watu wasio na ujuzi unaohitajika. Ungekuwa na ujuzi unaohitajika usingepunguzwa.”

“Sasa kama hauhitajiki, mnanipeleka nikajifunze huo huo wa nini?”

Afisa aliyafikicha macho yake. Ilionekana wazi kwamba swali hilo hakuwa akilisikia kwa mara ya kwanza, na kwamba hata yeye alikuwa amelipeleka mahali fulani akarudishwa nalo. “Mzee wangu,” alisema polepole, “ukikataa nafasi inabidi niandike kwamba umekataa kazi, na jina linafutwa. Nakuomba usinifanye niandike hivyo. Nenda tu. Mchana nitapita huko kukagua. Siku hizi ni lazima nimwone mtu kwa macho yangu akiendesha mashine ndipo nimpitishe. Kuna mahali walikuwa wanapitisha hata marehemu.”

Akampa kizibao cha njano chenye neno MWANAFUNZI mgongoni. Kelele alikivaa juu ya shati lake jeupe, akashuka ngazi akijiambia kwamba hasira hazilipi. Mpango ulikuwa wa kijinga, sawa, lakini ujinga wake safari hii ulikuwa umemwangukia vizuri. Anarudishwa kwenye mashine yake. Angefaulu hata akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Jina la kampuni getini lilikuwa limepakwa rangi na kuandikwa jingine, ingawa la zamani lilionekana bado chini ya rangi. Mlinzi alikuwa yule yule.

“Mgeni, mfanyakazi au mwanafunzi?”

“Wewe si unanijua?”

“Nakujua sana. Nakuuliza unaingia kama nani.”

“Mwanafunzi,” Kelele alisema.

Mlinzi alizitazama mvi zake, akatazama kizibao, akafungua geti dogo. “Karibu, kijana.”

Ndani, kelele za mashine zilimpokea kifuani kabla hazijafika masikioni. Safu za mashine zilikuwa vile vile, sakafu ilikuwa na utelezi ule ule wa grisi, na hewa ilinuka chuma kilichopata moto. Koili za waya zilizunguka kwenye vigingi vyake, waya ukapita kati ya magurudumu ya kuunyoosha, taya zikaubana, nyundo ikagonga kichwa, visu vikakata ncha, na misumari ikadondoka kwenye ndoo za chuma bila kupumzika. Kelele alijikuta anatabasamu kama mpumbavu.

Kwenye mashine yake alisimama Pacha. Yeye na Kelele hawakuwa mapacha wala ndugu. Kwa miaka mingi waligawana mashine ile kwa zamu, mmoja akiingia wakati mwingine anatoka, mpaka wenzao wakasema hao ni mapacha wanaokutana mlangoni tu, nao wenyewe wakaitana Pacha. Mwaka uliopita, mwajiri alipotaka mtu mmoja kwa kila mashine, nyapara alimwondoa Kelele na kumbakiza Pacha, na hakuna aliyejua kwa nini isiwe kinyume chake. Jioni ya siku hiyo Pacha alikuja nyumbani kwa Kelele na mfuko wa viazi, akakaa mpaka giza likaingia, akaondoka.

Sasa alimrukia shingoni, akamkumbatia na grisi zake zote, na shati jeupe likaishia hapo. Kisha mikono yake ikaanza kusema. Kiwandani humo hakuna aliyejisumbua kutumia sauti. Kidole kilichozungushwa hewani kilimaanisha waya unakaribia kwisha. Vidole viwili vilivyokatana vilimaanisha kisu kimekuwa butu. Ukivuta sikio, nyapara anakuja. Na ukifuta kiganja kwa kiganja, kama mtu anayekung'uta vumbi, maana yake kuna mtu amemwaga unga, hana kazi tena.

Pacha alionyesha kofia mpya ya bluu kichwani mwake, akajigonga kifua. Kofia iliandikwa MWALIMU. Kelele alimpigia makofi. Pacha akavuta sikio.

Nyapara alifika, akamtazama Kelele kama mtu asiyemfahamu, kisha akamsogelea na kumpigia ukelele sikioni: “Jifunze haraka! Hapa nafasi ni moja tu!”

Kelele aliitikia kwa kichwa, moyo wake ukiwa mweupe kabisa. Nafasi moja, na yeye ni mmoja. Hesabu ilikuwa imekaa sawa.

Ila kadiri asubuhi ilivyokwenda, alianza kutazama pembeni. Vizibao vya njano vilikuwa vingi mno. Kwenye mashine ya Twiga, yule bwana mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango, alisimama mwanamke asiyemjua. Kwenye mashine za dirishani walikuwa vijana wa njano watupu. Wafanyakazi wa zamani waliobaki walihesabika, na kila mmoja wao alikuwa na kofia ya bluu na mtu wa njano kando yake. Alimuuliza Pacha kwa mikono: wengine wako wapi? Pacha akafuta kiganja kwa kiganja, haraka haraka, kama jambo dogo, akarudi kwenye ndoo yake.

Wakati wa mapumziko watu walikwenda nyuma ya ghala la koili, ambako kelele zilipungua kiasi cha kuweza kuzungumza. Pacha alisema ana shughuli kidogo na nyapara, akatokomea. Kelele alikaa kando ya yule mwanamke wa mashine ya Twiga. Kizibao chake cha njano kilikuwa kimefifia mpaka kikakaribia weupe, na wenzake walimwita Mama Viatu.

“Wewe ni mpya,” alisema.

“Mimi ni wa zamani.”

“Njano ni njano tu, baba.”

“Huyo Twiga, mwenye mashine yako, yuko wapi?”

Mama Viatu alimega mkate wake, akampa nusu. “Twiga alinifundisha, Mungu ambariki. Mtu mvumilivu yule. Mimi nilitoka kiwanda cha viatu, nilikuwa sijui hata waya unaingilia upande gani. Akanifundisha mpaka nikajua, akasema nipitishwe. Nilipopitishwa tu, wiki haikuisha, akamwaga unga.”

“Kwa kosa gani?”

“Kosa la kunifundisha.” Alitafuna bila haraka. “Fikiri mwenyewe. Mwajiri akimlipa Twiga, anatoa mfukoni mwake. Mimi nalipwa posho na serikali. Ungekuwa wewe ungembakiza nani?”

“Lakini wewe si ulifaulu? Si ulipewa mkataba?”

“Mkataba gani? Nilikuwa mwanafunzi, sasa ni mhitimu aliye mafunzoni. Posho ya serikali ikiisha wataleta njano nyingine, nami nitaifundisha.”

Kelele aliuweka mkate chini. “Na Twiga?”

Hapo Mama Viatu alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika. “Twiga yuko kwenye Mpango. Wamempeleka kiwanda cha viatu akajifunze kushona soli. Kakaa kwenye cherehani yangu! Juzi alinipigia simu kuniuliza sindano ikipinda ninafanyaje.”

Kelele alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitamani kupiga kitu teke, ila vilivyokuwa karibu vyote vilikuwa vya chuma. Kumbe nafasi ilikuwa moja kweli. Yule nyapara hakumdanganya hata kidogo. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu ndani yake.

Pacha alitokea kwenye kona ya ghala akikimbia, uso umemkunjuka kama mtu anayeleta habari ya mtoto aliyezaliwa salama.

“Pacha! Nimemaliza kila kitu! Nimemwambia nyapara wewe mafunzo ya nini, upitishwe leo leo. Afisa akija unawasha mashine, basi. Na amekubali papo hapo! Tangu nimjue yule mtu sijamwona akikubali jambo upesi vile.”

“Rudi ukamwambie umekosea.”

“Nimekosea nini?”

“Mwambie mimi ni mzito. Nimesahau kila kitu. Nahitaji miezi. Pacha, nikipitishwa mimi, unaondoka wewe!”

Pacha alicheka. “Naondoka mimi? Mimi ni mwalimu sasa. Mwalimu anafukuzwaje?”

“Na mwanafunzi akishahitimu, mwalimu wa nini tena? Wamekuvika kilemba cha ukoka! Twiga naye alikuwa mwalimu!”

“Twiga hakuwa na kofia.”

“Alikuwa nayo,” alisema Mama Viatu bila kuinua macho. “Aliirudisha siku anaondoka. Nadhani ndiyo hiyo uliyovaa.”

Pacha aliivua kofia, akaitazama kwa ndani. Mviringo wa jasho la zamani ulionekana wazi kwenye kitambaa. Akaivaa tena, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

“Najua unachofanya,” alisema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. “Una kinyongo. Tangu siku ile waliponibakiza mimi, una kinyongo. Leo nimepata kacheo kidogo, umekuja kunitilia kitumbua changu mchanga.”

“Mimi? Kinyongo na wewe?”

“Shemeji alikuja nyumbani juzi. Alilia mbele ya mke wangu, mimi nikiwa chumba cha pili nasikia. Unafikiri ni rahisi mimi kuingia humu kila asubuhi na pale mlangoni hakuna mtu wa kupishana naye? Leo nimekupatia kazi. Nimekupatia kazi, Kelele! Na wewe unaniambia nikamwambie nyapara wewe ni mzito!”

Ilikuwa mara ya kwanza Pacha kumwita kwa jina hilo. King'ora kilipigwa, na Pacha akageuka kurudi ndani. Kelele alimfuata akimpigia ukelele mgongoni, lakini baada ya hatua chache mashine zikayala maneno yote. Akabaki na mikono. Alimshika bega, akamwelekeza kidole kifuani, akafuta kiganja kwa kiganja. Wewe. Unga. Pacha akauondoa mkono wake.

Mchana wote Kelele alisimama kando ya mashine akiwa amejaa hasira zisizo na pa kwenda. Alimkasirikia nyapara kwa ujanja wake, afisa kwa upole wake, Pacha kwa wema wake, na yeye mwenyewe kwa kutabasamu mlangoni asubuhi. Alimfikiria mke wake na lile neno lake la asubuhi, faulu. Akifeli, jina linafutwa, na nyumbani atarudi akiwa si mfanyakazi wala mwanafunzi. Lakini akifeli, Pacha anabaki, angalau mpaka waletewe njano nyingine. Alilipima jambo hilo mara nyingi, na kila mara lilimwishia mahali pamoja. Angefeli.

Afisa alifika akiwa ameziba masikio kwa viganja, nyapara akimwongoza. Nyapara alimpungia Kelele: haya, anza.

Kelele alitia mikono mifukoni. “SWICHI IKO WAPI?” aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilimfaa kitu, maana hata wa mashine ya tatu walisikia.

Nyapara alimkazia macho. Akamsogelea sikioni. “Acha mchezo, Kelele.”

“NDIYO NINI HII?” Kelele aliushika mkono wa kusimamishia mashine kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Kisha akachukua ncha ya waya na kuielekeza upande usiofaa, kwenye ndoo ya misumari. Akasubiri. Akakuna kichwa. Mama Viatu, kule kwenye mashine yake, alikuwa amegeuka ukutani na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Pacha alijifunika uso. Hakuwa anaigiza. Alimwona rafiki yake anapoteza kazi mbele ya macho yake, anaitupa kwa makusudi, kwa ukaidi tu, na shemeji yake nyumbani analia. Mikono yake ikaanza kumwelekeza Kelele: pale, bonyeza pale, vuta ule. Kelele aligeuza macho pembeni. Afisa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akafungua faili lake, akatoa kalamu.

Pacha hakuweza kuvumilia. Aliruka mbele, akachomeka waya mwenyewe, akawasha mashine, akamgeukia Kelele akimwonyesha kwa mkono wa kushoto: hivi, hivi, unaona? Mkono wa kulia ulikuwa kwenye waya. Macho yake yalikuwa kwa Kelele.

Koili ilijikunja. Ilitokea mara chache sana, na kila fundi wa misumari aliiota usingizini: mzunguko mmoja wa waya unaruka kutoka kwenye kigingi, unafanya kitanzi, na mashine haijui kama inavuta waya au inavuta mtu. Kitanzi kilimnasa Pacha kifundo cha mkono na kuanza kumburuta kuelekea kwenye magurudumu.

Mikono ya Kelele haikumwomba ruhusa. Mmoja ulishavuta mkono wa kusimamishia, mwingine ulishachukua koleo kwenye ndoano yake bila yeye kutazama. Alikata waya, akafungua kitanzi, akamsukuma Pacha nyuma. Na kwa kuwa mikono hiyo ilikuwa imefanya hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi, haikuishia hapo. Ilirudisha koili kwenye kigingi, ikanyoosha ncha, ikaipitisha kati ya magurudumu, ikaibana kwenye taya, ikagusa visu kuhakikisha vimekaa, ikawasha. Mashine ilinguruma. Misumari ikaanza kudondoka, mizuri, iliyonyooka, yote sawa sawa. Hapo ndipo Kelele alipotambua alichokifanya.

Afisa alikuwa anapiga makofi. Hayakusikika, lakini yalionekana. “Kumbe anaweza!” midomo yake ilisema. “Ilikuwa woga tu!” Akaandika kwenye faili, akatia sahihi, akamgeuzia nyapara naye atie yake. Nyapara alitia sahihi haraka, akampa Kelele mkono, akautikisa kwa nguvu.

Pacha alikuwa amekaa sakafuni ameshika kifundo cha mkono, mstari mwekundu umemzunguka kama bangili. Vidole vyote vilikuwepo. Aliinuka, akamkumbatia Kelele, akamwambia sikioni, kinywa kikimgusa kabisa: “Umeniokoa mkono, pacha! Umeniokoa mkono!” Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kelele alimshikilia.

Kabla ya zamu kwisha, nyapara alisimama kwenye mlango wa ofisi na kumwita Pacha kwa kidole. Pacha alijifuta mikono, akaweka kofia yake sawa, akaenda. Kelele alitamani waya uishe ili apate sababu ya kuondoka hapo. Koili ilikuwa bado nene.

Pacha alirudi bila kofia. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akachukua koti lake, akalikunja mkononi. Kisha akaja kwenye mashine, akasimama upande ule alikosimama Kelele asubuhi. Walitazamana. Kelele aliinua mikono yake amwambie kitu, na mikono ikabaki hewani. Walikuwa na ishara ya waya, ya kisu, ya nyapara, ya chai, ya choo, ya mtu aliyemwaga unga. Ya kuomba msamaha hawakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuihitaji.

Akavuta mkono wa kusimamishia. Mashine ikazimika. Nyundo ya mwisho iligonga, na msumari mmoja uliochelewa ukadondoka kwenye ndoo.

“Pacha,” alisema, na kwa sababu mashine za jirani bado zilinguruma, ilibidi apige kelele. “Pacha, nisamehe! Sikutaka! Mkono tu! Mkono wenyewe ulikwenda!”

“Najua,” alisema Pacha. “Ungeuzuia wako, wangu ndio ungekatika.” Alitazama vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua. “Wamenipa nafasi kwenye Mpango. Nyapara kasema nina bahati, wengine wanasubiri sana. Naenda kufundishwa kazi.”

“Tuondoke wote. Nakwambia tuondoke wote sasa hivi, wabaki na misumari yao!”

Kule mwisho wa safu, nyapara alikuwa ameshageuka kutafuta mashine iliyonyamaza. Mama Viatu alivuta sikio lake, mara mbili, kwa nguvu.

Pacha alilitazama lile sikio, akamtazama Kelele, shati lake jeupe lililoharibika na kizibao chake cha njano. Akainama, akanyoosha mkono wenye mstari mwekundu juu ya mashine, akaiwasha.

“Shemeji atauliza kama umefaulu,” alisema. Kelele alilisoma hilo midomoni mwake, maana sauti ilikuwa imeshamezwa. Kisha Pacha akapita kati ya safu akielekea mlangoni, koti mkononi, akiwapisha watu wa njano waliokuwa wanabeba ndoo.

Kelele alitaka kumtazama mpaka atoke. Lakini waya ulianza kuyumba, na waya ukiyumba hauachwi, ikambidi ainame aushike.